Mistari Isiyouza Kitu

Wanaosema kompyuta za zamani zilikuwa takataka hawakuwahi kufanya kazi Karatu. Yetu ililetwa mwaka tisini na nane, kioo chake kimevimba kwa nyuma kama gunia la mkaa, ikawekwa juu ya meza yangu ya mapokezi katika kampuni ya utalii iliyoniajiri nilipotoka Machame. Ukiiacha kidogo bila kuigusa, kioo kilikuwa cheusi, halafu ikatokea mistari ya rangi. Ilikwenda, ikagonga ukingo, ikarudi, ikiburuta vivuli vyake nyuma, ikigeuka kutoka kijani hadi zambarau bila kumwomba mtu ruhusa. Wenyewe waliiita skrini seva. Kazi yake rasmi ilikuwa kukikinga kioo kisibaki na alama, na hilo lilikuwa tatizo la kioo. Sisi tuliitazama kwa sababu ilikuwa nzuri.

Jioni madereva walirudi kutoka kreta, kule bondeni kwenye wanyama, vumbi hadi kwenye kope, wakakaa kwenye benchi mbele ya meza yangu kusubiri ratiba ya kesho. Wakaitazama mistari. Mchana kutwa walikuwa wakiyatafutia simba macho ya watu wengine. Pale walipumzisha ya kwao. Mjini kwetu kila kitu kinauzwa. Mlima unauzwa, ngoma inauzwa, hata bibi anayepeta maharage uani kwake ataombwa asimame vizuri apigwe picha. Ile mistari haikuuza kitu. Niliipenda, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka elfu mbili na sita, Brian, mtoto wa mwenye kampuni, alirudi kutoka masomoni na kompyuta mpya zenye vioo bapa. Ya kwangu ikatupwa stoo.

"Vioo hivi haviharibiki, dada Ndeshi," aliniambia. "Hiyo mistari ni ushamba."

Akaweka picha za kampuni, zinapishana mchana kutwa: simba, flamingo, simba, faru, simba. Na kati ya faru na simba, Mama Antonia.

Mama Antonia alikuwa mama yake Tluway, dereva wetu wa siku nyingi. Wageni walipelekwa nyumbani kwake Endamarariek kunywa chai na kuona Wairaqw wanavyoishi. Katika picha hiyo amesimama mlangoni pa jiko lake, anajifuta macho kwa kanga. Chini yake Brian aliandika kwa Kiingereza kwamba huu ndio uso wa Afrika. Mama huyo alifariki Januari mwaka uliofuata, na picha ikaendelea kuzunguka. Kila jioni Tluway akija kurudisha funguo za gari, mama yake alimtokea pale akijifuta macho, kisha akaja simba.

Alivumilia mpaka Machi. Siku moja akavua kofia, akamwambia Brian, "Bosi, naomba ile picha muitoe. Yule ni mama yangu, na ameshatangulia."

"Kaka, hiyo ndiyo wageni wanaipenda kuliko zote," Brian alijibu. "Ni heshima kwake."

Tangu siku hiyo Tluway hakukaa tena kwenye benchi. Funguo alinipitishia dirishani, uso ameugeuzia barabarani. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Uso wa Afrika! Mama Antonia alikuwa na uso wa Antonia, na siku ile ulikuwa umejaa moshi.

Masika wageni huwa hawapo, na ofisi inalala. Chuoni Arusha nilikuwa nimesoma kidogo kuandika programu, basi nikatafuta madaftari yangu na kuanza kuirudisha mistari. Unaipa kompyuta pembe nne, unaiambia kila pembe itembee, ikigonga ukingo igeuke. Mara ya kwanza nilisahau kuziambia zigeuke. Zikaenda zao, kioo kikabaki cheusi, na Brian akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unahangaika nini na kitu kilichokwisha kufa?"

"Hangaika na yako," nikamwambia.

Nikarekebisha. Rangi zilikuwa kali, nikazipunguza. Mashine mpya ilikuwa na haraka mno, mistari ikakimbia kama mbuzi waliotoroka zizini, nikaituliza. Siku mistari ilipotembea sawasawa, kwa mwendo wake uleule wa zamani, nililia palepale mezani. Aniite mshamba anayetaka.

Juni msimu ulipofunguka, nikaziondoa picha zote nikaweka mistari yangu. Asubuhi hiyo wageni walikuwa wameshapanda gari, chakula chao kimefungwa, tayari kushuka kreta. Magari mengine yalikuwa yameshaondoka. Tluway alikuja dirishani kuchukua funguo, akaiona mistari. Akaingia ndani, akakaa kwenye benchi.

Brian akatokea. "Nani ametoa picha?"

"Mimi."

"Zirudishe."

"Sirudishi."

"Dada Ndeshi, kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Na sirudishi."

Akashika mausi mwenyewe. Akaja simba, akaja faru, akaja Mama Antonia na kanga yake. Tluway alisimama, akazisukuma funguo zilizokuwa mezani mpaka mbele ya Brian.

"Bosi, mpe funguo huyo uso wa Afrika awapeleke wageni wako. Mimi siendi." Akarudi kukaa.

Huko nje mgeni mmoja alishatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Brian akatazama gari, akamtazama Tluway, akanigeukia mimi.

"Haya, ifute hiyo picha ya mama."

"Futa mwenyewe."

Akaifuta. Nilisimama nyuma yake nikihakikisha. Kisha akamsogezea Tluway funguo, lakini Tluway hakunyoosha mkono.

"Sasa nini tena?" Brian aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu ambaye kweli hajui.

Basi nikasema mimi.

"Tulimzika mama yake Januari, Brian. Mpaka leo hujampa pole."

Alitazama chini. Nilimwona masikio yanamwiva.

"Pole kwa msiba, kaka Tluway," alisema, mkono ungali juu ya mausi.

"Achia kompyuta kwanza," nikamwambia. "Halafu umwambie."

Akaiachia, akazunguka meza, akaenda kumpa mkono.