Matairi Yaliyolala na Samaki

Nyumba ya Rutayisire pale Kamembe, Rusizi, haijawahi kukosa watu, na balaa lilianzia humo humo kwenye raha. Siku mdogo wake Christophe-Aimé, aliyeko Ubelgiji, alipomtumia ujumbe wa sauti kuhusu matairi manne ya gari aliyomtumia zawadi, sebule ilikuwa imefurika wageni wa ubatizo, muziki juu, sahani zinapita vichwani. Ujumbe ulikuwa wa dakika sita. Rutayisire alisikiliza mbili.

"Grand, kaka yangu, hizo ni pneus été, pine za kiangazi," sauti ilisema. "Zinashika barabara kama kucha za paka. Nimezichagua mwenyewe, moja moja, kwa mikono yangu. Usiziache juani, jua linakula raba..."

Hapo shemeji mmoja akamvuta mkono waende wakacheze, na simu ikarudi mfukoni.

Pine za kiangazi! Ulikuwa mwezi wa tisa, mvua imeshaanza. Kwa mtu wa Rusizi neno hilo halina fumbo: kiangazi ni mwezi wa sita hadi wa nane, vumbi na harusi. Basi matairi yasubiri kiangazi chake. Lakini yasubirie wapi?

"Leta kwangu," akasema Birindwa, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mwenye chumba cha kugandishia samaki pale sokoni. "Kama jua linakula, baridi inachunga. Samaki anakaa mule miezi mitatu, ukimutoa unazani amevuliwa leo. Pine itashindwa na samaki?"

Sebule nzima ikamshangilia. Matairi yakaenda kulala katikati ya makatoni ya samaki, yakalala miezi kumi.

Mwezi wa saba ikaja habari nyingine. Christophe-Aimé alikuwa anasafiri kikazi kwenda Harare. Angeshuka Kigali saa sita mchana na kuondoka tena saa kumi. Muda wa saa nne tu, baada ya miaka kumi na mmoja. Mama yao, Mukamazimpaka, ambaye miguu ilikuwa imeshaanza kumkana, hakuomba mengi.

"Nimuwekee mukono ku kichwa, nimubariki. Njo hiyo tu. Mwaka kesho miye siujui."

Rutayisire angeweza kuondoka na matairi yake ya zamani, na leo hii pasingekuwa na la kusimulia. Lakini alitaka mdogo wake aone gari limevaa zawadi yake. Ya zamani akampa mshona kandambili, na kufikia mchana yalikuwa yameshakatwa viatu.

Jioni ya kuamkia safari, mapya yakatolewa kwa Birindwa. Yalikuwa meupe kwa barafu, magumu, yakinuka sambaza. Hitimana, fundi wa matairi, akayagonga kwa nyundo, kisha akamgeukia Rutayisire, akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Papa Kamikazi, hizi ni pine ao ni mbao? Uziache kwanza zilale ku joto, hata siku moja."

"Siku moja ya wapi? Tunatoka kesho saa kumi na moja ya asubui."

Hitimana akakaza chuma kuingiza ukingo kwenye rimu. Ka! Kitu kikalia ndani ya raba.

"Umesikia? Imelia."

"Imekusalimia. Funga!"

Vijana wa moto, zile pikipiki za kukodi, waliokuwa wakisubiri abiria wakaangua kicheko, na Rutayisire akacheka kuwashinda. Kicheko hicho ndicho kinachomrudia mpaka leo.

Asubuhi mama alikaa kiti cha mbele, kitenge kipya, blanketi mbili magotini, mikono ameipaka mafuta ya ng'ombe ya kunukia. Walipita mashamba ya chai ya Gisakura, wakaingia msitu wa Nyungwe. Sasa, kila mtu wa Rusizi anajua kwamba kiangazi ndipo Nyungwe inapouma zaidi: usiku hauna wingu, na alfajiri pumzi inatoka kinywani kama moshi. Rutayisire naye alijua hivyo tangu siku nyingi. Ni vile tu alikuwa hajawahi kuikutanisha baridi hiyo na matairi yake.

Kwenye kona ya tatu gari halikushika kama kucha za paka. Liliteleza kama sabuni kwenye sahani. Akakata usukani, tairi moja likapasuka, la nyuma yake likafuata, na gari likalala ubavu mmoja kwenye mfereji.

"Maman! Umeumia?"

"Hapana. Ni saa ngapi?"

Ilikuwa saa moja kasoro. Tairi la akiba lilikuwa moja, yaliyopasuka mawili, na hayo mawili mengine yalikuwa na nyufa ubavuni kama udongo wa kisima kilichokauka. Kila basi lililopita lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mtandao haukuwepo. Saa tatu ikapita, kisha saa tano. Saa sita mama aliuliza tu, "Amefika sasa?" na Rutayisire akaitikia kwa kichwa.

Kwa kukosa la kufanya akatoa simu, akautafuta ule ujumbe wa mwezi wa tisa, akaufungulia pale alipouachia.

"...lakini baridi njo mubaya zaidi, Grand. Pine za été zikiingia ku barafu zinakuwa ngumu, zinapasuka. Na kama zimepata baridi, usizifunge kabla hazijapata joto." Dakika mbili za hayo. Kisha sauti ikashuka. "Sasa umupe Maman simu. Maman, ni miye. Ninazeeka huku bila mukono wako. Nitumie baraka hata kwa simu. Nitangoja."

Mama alikuwa amegeuka kumtazama.

"Alisema lini?"

"Mwezi wa tisa, Maman."

"Akangoja?"

Rutayisire akairudisha simu mfukoni. Miezi kumi nyumba imejaa watu, na mama yuko chumba cha pili.

Rutayisire alitamani mama amgombeze. Badala yake mama akaomba ashikwe, akashuka taratibu, akainama hadi kwenye tairi lililopasuka.

"Hii aliigusa yeye?"

"Zote. Moja moja."

Akaweka kiganja chake chenye mafuta juu ya raba iliyochanika, akafumba macho, akataja jina la mwanawe na majina ya baba zake, polepole, bila kuruka hata moja. Alipomaliza akainusa mikono yake.

"Inanuka samaki," alisema.

Huko Kigali ilikuwa inaelekea saa saba, na hata gari lingepatikana wakati huo wasingemkuta. Rutayisire alikuwa bado amemshika mkono mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakupata mtu wa kumcheka wala wa kucheka naye.