Kuku wa Bwana Shamba

Jamaldini alipopelekwa Nkoaranga, mlimani, kuwa bwana shamba, mwaka wa hamsini na tatu, alikuwa mwembamba kiasi kwamba wakulima walimwonea huruma. Miaka minne baadaye walikuwa wakimwonea huruma kwa sababu nyingine.

Kazi yake ilikuwa kupita katika mashamba ya kahawa, kuonyesha watu namna ya kupogoa mibuni na kutandaza majani, na kugawa miche kutoka kitalu cha serikali. Hiyo ya kugawa miche ndiyo iliyomnenepesha. Hakuna aliyewahi kutamka kwamba mche unapatikana kwa kuku. Ila ilikuwa hivi: bwana shamba akifika, mwenye nyumba anaita mke, mke anakimbiza kuku.

Kujipikia hakuweza. Mkewe Zamda alibaki mjini Arusha, kwa mama yake karibu na soko, kwa kuwa watoto walikuwa shuleni, na nyumba aliyopewa Jamaldini kando ya kitalu ilikuwa chumba kimoja kisicho na jiko. Mara moja alijaribu kuchemsha maharage mwenyewe nje ya mlango. Moshi ukawaleta majirani na ndoo za maji. Walipoelewa kilichotokea waliondoka kimya, na jioni ile akaletewa sufuria tatu za chakula.

Tena alikuwa Mwislamu, na wenyeji karibu wote walikuwa Walutheri. Hakuna aliyethubutu kumchinjia. Akikaribia uani tu anakabidhiwa kisu na kuku, anageukia kibla, anachinja. Na mtu hawezi kuchinja kuku wa watu kisha akasema ameshiba. Baada ya kuku zilikuja ndizi zilizopikwa na mafuta ya ng'ombe, kisha maziwa ya mgando, kisha mwenye nyumba kumwuliza kwa nini hali.

Siku moja ya Mei, akipanda kwenda mashamba ya juu ambayo hakuwa ameyafikia kwa mwaka mzima, pumzi ilimkatika. Alikaa kwenye jiwe, akateleza, akabaki chini. Vijana wanne walimbeba kwa machela ya miti hadi hospitali, wakibadilishana mabega na kulaumiana. Akina mama waliokutana nao njiani walianza kulia, wakidhani amekwisha.

Daktari alimpima, akasoma mizani mara mbili.

"Moyo wako unabeba watu wawili," alisema. "Punguza mafuta, nyama na ndizi. Kula mboga, maharage, chakula kidogo. Nani anakupikia?"

Jamaldini alifikiri. "Mlima mzima, daktari."

"Basi uambie huo mlima."

Alianza na Mzee Sumari, kwa kuwa kwake ndiko alikokula mara nyingi zaidi. Alimweleza mke wa mzee huyo, Mama Penina, kwamba daktari amekataza mafuta.

"Kumbe unaumwa!" alisema Mama Penina, akashika shavu. "Na sisi tunakulisha kama mtu mzima wa afya." Akaenda kumpikia supu ya mbuzi, chakula cha wagonjwa. Ilikuwa na mafuta ya kuelea kidole kizima. Alisimama mlangoni mpaka bakuli likaisha.

Nyumba ya pili alikataa kuchinja, akasema mkono unamuuma. Hilo lilifanya kazi siku tatu. Siku ya nne alikuta wamemwita muuza nguo mmoja Mwislamu kutoka Kikwe, ambaye alikuwa amechinja kuku wawili kabisa, na akabaki kula naye ili asijione mpweke.

Ndipo akajaribu kusema uongo. Akifika kwa Sumari alisema ameshakula kwa Elinaza, jirani wa bondeni. Akifika kwa Elinaza alisema ameshakula kwa Sumari. Kwa wiki mbili alilala na njaa, akaanza kuona nafuu magotini. Lakini Sumari naye alikuwa akitafakari. Kama bwana shamba anakula kila siku kwa Elinaza, basi miche nayo inakwenda kwa Elinaza. Elinaza alifikiri hivyo hivyo kuhusu Sumari. Kila mmoja akapeleka malalamiko yake mjini, kwa Mzungu wa kilimo, na kila mmoja aliapa kwamba hana ubaya na mtu.

Mzungu hakutaka fitina katika eneo la kahawa. Aliandika barua yenye muhuri, karani akaitafsiri: *Bwana Shamba anaagizwa kukubali ukarimu wa wakulima wote kwa usawa, bila kubagua nyumba.*

Jamaldini aliisoma akiwa amesimama kitaluni. Mpaka hapo alikuwa akinenepa kwa hiari ya watu. Sasa ilikuwa amri ya serikali.

Kwa sababu ya usawa ilibidi aende hata kwa Nkasiogi, mjane mzee mwenye mibuni arobaini tu juu kabisa ya mlima, ambaye hakuwahi kupewa mche wala kuomba. Aliondoka alfajiri, akipumzika kila kona. Alifika saa nne, amelowa jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mapema. Kuku bado hajarudi kutoka porini."

"Mama, nakuomba, usimkamate kuku."

Yule mama alimtazama. "Ana ubaya gani?"

"Hana. Mimi ndiye nimechoka. Daktari ameniambia nitakufa kwa kula, na nikikataa watu wanaumia mioyo. Sina jiko, sina mke hapa. Nile nini?"

Nkasiogi alikaa kwenye kigogo. Alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Watu wanaumia mioyo? Mwanangu, ni nani aliyekuambia tunapenda kukulisha?"

Jamaldini alijifuta jasho.

"Wewe unafika kila mara jua likiwa utosini. Unakaa. Unatazama kahawa kidogo, halafu unatazama jikoni. Sisi tulidhani ni kodi. Kuna ya kichwa ya serikali, na kuna ya kuku, ya Bwana Shamba. Mama Penina amebakiwa na matetea wawili tu kwa sababu yako. Hata mayai watoto wake hawaonji, yanatunzwa yaatamiwe."

"Lakini wananisihi nile zaidi!"

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtoza kodi ukimnunia, anaongeza."

Jamaldini aliinama. Alikumbuka zile nyuso zilizosimama mlangoni zikimtazama akila. Kwa miaka minne aliziona kuwa nyuso za upendo. Alijilazimisha kumeza ili asiwavunje moyo, nao walijilazimisha kupika ili asiwanyime miche. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na njaa ya jambo lile.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulikuwa na chakula mdomoni," alisema Nkasiogi. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya mboga ya mnafu na maharage, chakula chake cha jana. Alikigawa katikati, sehemu ndogo ikawa ya mgeni, wala hakumwuliza kama ametosheka.

Jumamosi iliyofuata Jamaldini aliita wakulima wote kitaluni. Aliwaambia kwamba tangu siku hiyo miche itatolewa kwa zamu, kwa orodha iliyobandikwa mlangoni, na jina la kwanza lilikuwa la Nkasiogi. Kisha akakohoa.

"Na mimi sitakula tena kuku wa mtu. Nikikuta mnakula, nitakula mnachokula, kidogo. Nikikuta hamli, nitafanya kazi niende zangu."

Alitegemea manung'uniko. Alikuwa hata ameandaa maneno ya kuwabembeleza. Badala yake walipiga makofi. Walipiga muda mrefu, wengine wakisimama, na Mama Penina alipiga vigelegele. Alipojaribu kuendelea hawakumsikia. Jamaldini aliyapokea makofi yale akitabasamu, lakini yalimchoma, hakuna haja ya kuficha.

Walilishika neno lake kuliko ushauri wowote aliowahi kuwapa juu ya kahawa. Nyumba nyingine zilimpa makande kikombe kimoja. Nyumba nyingine zilimpa maji, na Elinaza alimpa maji nusu. Wiki ya kwanza aliota ndizi za mafuta. Wiki ya tatu aligundua kwamba, kwa kuwa hakai tena kusubiri kuku aive, anamaliza mashamba sita kwa siku badala ya mawili. Kufikia Septemba alikuwa akipanda hadi kwa Nkasiogi bila kupumzika, na huko juu alikuta mibuni mingi yenye ugonjwa wa majani ambayo hakuna aliyeitazama kwa miaka. Alipiga dawa nyumba kwa nyumba.

Ijumaa moja alipokwenda mjini, Zamda alimfungulia mlango akarudi hatua moja nyuma.

"Wamekufanya nini watu wa mlimani?"

"Wameacha kunilisha."

"Kwa nini? Umewakosea?"

"Sana," alisema Jamaldini. "Lakini wamenisamehe. Ndiyo maana hawanilishi."

Zamda hakuelewa, na mama yake alikwenda msikitini kumwombea dua.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri upande wa juu. Mzungu wa kilimo alipanda mwenyewe kutazama, kwa farasi. Aliambiwa kwamba bwana shamba huyu hufika kila mahali kwa miguu, hata penye mteremko mkali, mara mbili kwa mwezi. Mzungu alifurahi mno, akasema serikali haiwezi kumwacha mtumishi hodari namna hii ajichoshe hivyo.

Mwezi wa kwanza wakamletea pikipiki mpya, nyekundu, kwa barua ya pongezi. Jamaldini alisaini, akashukuru kwa heshima. Aliiendesha hadi njia panda watu wakishangilia, akaifunika kwa turubai chini ya banda la Sumari, akashika njia ya mlimani kwa miguu.