Sogea Kidogo, Mama

Miaka ile ya ruksa, milango ya nchi ilipofunguliwa, mashirika yalichipuka Arusha kila kona. Moja, la Bwana Sylvanus, lilikodi ukumbi Daraja Mbili, likatangaza kwamba kila Jumamosi watoto wenye ulemavu na wasio nao watachora pamoja, wazazi wakiwemo. Aikande alimpeleka Anneth, bintiye wa miaka saba asiyeweza kutembea wala kusema. Siku ya kwanza alisita mlangoni, maana zaidi ya kanisani mtoto hakuwa ametolewa mbele za watu. Lakini Anneth alichovya mikono kwenye rangi, akaipaka karatasi nzima, akacheka mpaka udenda ukamshuka, na hakuna aliyemkodolea macho.

"Njooni na nguo zilizochakaa," Bwana Sylvanus aliwaagiza, "rangi hizi hazitoki."

Wakaja na matambara. Na alipotoa kamera akasema, "Sogea kidogo, mama, unamzibia mwanga." Kila mama akasogea. Hapo ndipo walipokosea, na wewe mwenye mtoto wa namna hiyo uangalie. Nani angegombana na mtu kwa sababu ya mwanga?

Jumamosi moja Aikande alikuwa na nyanya za kupeleka hoteli moja ya watalii, Usa River. Akamwacha Anneth ukumbini na Hedwiga, mama Gidion, aliyezoea kukaa naye meza moja. Pale hotelini, akipita mapokezi kuelekea jikoni, akamwona mwanawe ukutani.

Picha ilikuwa kubwa kama dirisha. Anneth peke yake, gauni limechanika kwapani, rangi ya bluu shavuni. Chini yake maneno ya Kiingereza na kisanduku cha kutumbukizia sadaka.

"Shikamoo mama," alisema binti wa mapokezi, jina lake Nice.

"Marahaba. Hebu nisomee hapo, mwanangu."

Nice akasoma, akatafsiri polepole. "Anaitwa Anneth. Ni yatima. Mama yake alikufa akimzaa, ndugu wakamtupa. Anatafutiwa wazazi." Akamtazama. "Unamjua, mama?"

"Nimemwogesha leo asubuhi."

Nice akashusha sauti. "Kuna mgeni na mkewe wamefikia hapa. Jana yule mke alisimama hapo akalia. Sasa hivi Bwana Sylvanus amewapeleka kumwona. Wakimpenda, wanaanza taratibu za kumchukua."

Makreti ya nyanya yalibaki palepale sakafuni. Aikande hakujua alipandaje gari la kurudi mjini.

Ukumbini, mwanamke wa kizungu alikuwa amekalia kiti cha Aikande, Anneth mapajani, mumewe nyuma yake. Hedwiga alikuwa pembeni anaosha brashi, uso chini. Bwana Sylvanus akamwahi Aikande mlangoni.

"Mama Anneth, tulia kwanza. Hawa ni wafadhili."

"Waambie mimi ni nani."

"Usituharibie. Hizi rangi unadhani zinashuka mbinguni?"

"Waambie."

Sylvanus akawageukia wageni, akasema maneno marefu kwa Kiingereza. Yule mama akatabasamu, akampa Aikande mkono kwa shukrani, kama mtu anayemshukuru yaya. Aikande amesimama pale, anapumua, na bado ni maiti.

Kiingereza cha darasa la saba kilikuwa kimemtoka karibu chote. Akatafuta, akapata maneno mawili. Akajipiga kifua, akamwonyesha mtoto.

"Mai chaild."

Yule mama wa kizungu akamtazama Sylvanus, kisha Hedwiga. Hedwiga akaendelea kuosha brashi. Aliyemaliza maneno ni Anneth: aliposikia sauti ya mama yake alijirusha mwili mzima, mpaka yule mzungu akashindwa kumzuia. Aikande akamdaka, akambeba mgongoni na rangi zake mbichi, akatoka.

Hedwiga alimfuata hadi barabarani.

"Ulijua?" Aikande akamuuliza.

"Nilijua picha ndizo zinazoleta rangi. Na uji wa watoto."

"Na yule mzungu alipompakata mwanangu?"

"Walisema wanamwangalia tu, dada."

Baada ya wiki chache Aikande alirudi Usa River kudai makreti yake. Anneth alikuwa ameondolewa ukutani. Mahali pake alikuwapo Gidion, na miguu yake iliyopinda, amevaa tambara. Nice akamsomea bila kuombwa: huyu naye mama yake amekufa.

Aikande hakupitia nyumbani. Alimkuta Hedwiga mlangoni kwake anachambua maharage, akamweleza yote, sanduku, maneno, wageni wanaokuja kuchagua. Hedwiga hakuinua kichwa.

"Wamesema watamtibu miguu," alisema. "Wewe una mume, Mama Anneth. Mimi nikifa kwenye picha tu, kuna ubaya gani?"

Ndani Gidion alikuwa akiita, "Mama. Mama," anataka maji, na Hedwiga anachambua maharage.