Shangazi Lavinia na Mistari ya Tovuti

Zamani, mtu akitaka kubadilisha lolote kwenye tovuti ya kikundi chetu cha nguo za magome hapa kisiwani, kijijini Houma, alimwomba mwenzetu Lavinia. Lavinia akampigia fundi wa mjini, nasi tukangoja. Alipenda sana kuombwa. Ndipo kampuni inayotunza majina ya tovuti ikafungua ukurasa unaowaruhusu wenye tovuti kupanga wenyewe jina lao lielekee duka gani na barua pepe ziingie wapi. Kila jambo lina mstari wake: unaandika, unahifadhi, basi.

Seilose, binti wa kaka yake, alijifunza mchana mmoja tu. Duka jipya likapendeza mpaka mama mmoja wa Auckland, anayemwoza binti yake, akaitaka nguo yetu kubwa kuliko zote, ile tuliyoigonga tangu mvua zianze. Alisema atathibitisha Jumamosi kwa barua pepe; akikosa jibu, atatafuta kwingine.

"Seilose hivi, Seilose vile," Lavinia akanung'unika, akiligonga gome kana kwamba limemtukana. "Juzi tu nilikuwa namfuta makamasi!"

"Hicho kijicho, mwenzangu," nikamwambia. "Kitakuzeesha."

"Hebu nipishe! Jina la tovuti nililisajili mimi."

Jumamosi asubuhi wivu ulimfika kooni. Akaketi karibu na Seilose, akaikodolea macho kompyuta.

"Mistari yote hii ya nini? Takataka tupu. Bakiza ule wa duka, mingine futa. Nitaipanga mwenyewe."

Kidole cha Seilose kikasita. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga. Kwetu shangazi ndiye mkubwa. Hata baba yako humpisha, na neno lake halijibiwi.

"Sawa, shangazi," akasema, akafuta.

Duka likabaki wazi kama kawaida, na Lavinia akashinda anaimba. Kupanga chochote hakupanga. Jumapili hakuna anayegusa kazi hapa. Tulienda kanisani, tukala lu, nyama yetu ya kuokwa ndani ya majani kwa tui la nazi, tukalala. Jumatatu tukafungua barua pepe. Hakuna kitu. Seilose akampigia simu yule mama wa Auckland. Aliandika, akaandika tena, barua zote zikamrudia. Keshanunua kwa wanawake wa kisiwa cha Vavaʻu.

Niliumia, sifichi. Mikono yangu ilikuwa bado na malengelenge ya ile nguo.

"Zimerudije?" Lavinia akafoka.

"Mstari wa barua pepe tuliufuta, shangazi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaninyamazia! Mdomo wako ulikuwa wapi?"

Seilose akainamisha kichwa. "Nikiwa mdogo nilikujibu mara moja tu, kwenye msiba wa babu. Ulinitoa nje watu wote wakiona, ukaniambia mdomo wangu kwako ni wa kuitikia tu."

Lavinia alitutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumtetea, na hata mimi mwenye maneno mengi nikainamia gome langu. Ile nguo ilikuwa imekunjwa pembeni yake, akaiwekea mkono.

"Niurudishe ule mstari, shangazi?" Seilose akauliza.

Wivu ulikuwa bado usoni pake, nilimwona akiumeza kwa shida.

"Wewe unaonaje?" akasema.

Seilose akageuka nyuma, kuangalia nani anaulizwa.