Usingizi wa Mchana wa Trekta

Ndugu zake walimwita Trekta, kwa kuwa akilala nyumba nzima ilijua. Bibi yake, mama mzaa mama, hakutaka kusikia neno. "Mtoto akikoroma ujue kapata usingizi mnono," alisema. Lakini binti huyo wa miaka mitano aliamka hoi kama mchukuzi, akasinzia na kijiko mdomoni. Usingizini pumzi ilimkatika, kisha akashtuka akitweta. Mama yake, msusi, akafunga saluni asubuhi moja na kuwachukua Bibi na mjukuu hadi hospitali.

Daktari alipitisha mrija mwembamba puani. Upande mmoja ulipita kwa taabu. Upande wa pili ukagonga mwamba.

"Tundu hili limeziba kwa nyuma. Alizaliwa hivi," alisema. "Tutalizibua, ila kwanza tumpime akiwa amelala."

Basi mchana ule ule Trekta akabandikwa nyaya kichwani, kifuani na kidoleni, akaambiwa alale. Thubutu! Macho kodo. Bibi akajitosa: akapanda kitandani, akamkumbatia, akaanza kumbembeleza kwa wimbo wa kujitungia. Ubeti wa pili haukuisha.

Muuguzi alipofungua mlango, chumba kilikuwa kinanguruma.

"Amelala?" alimnong'oneza msusi.

"Mimi niko macho," Trekta akajibu. "Huyo ni Bibi."

Msusi na Trekta walicheka hadi wakajishika mbavu. Bibi akazinduka, akaweka mtandio wake sawa. "Nilifumba macho tu," alisema, wakamhamishia kwenye kiti.

Trekta, kwa kuchoka kucheka, akapitiwa. Hapo Bibi akaona kwenye skrini mstari wa pumzi ukipanda na kushuka, mara ukanyooka kama uzi. Kimya. Akamng'ang'ania msusi mkono mpaka mstari ulipoinuka tena.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kumbe nilikuwa nabisha bure."

"Yameisha, mama."

Upasuaji ulikwenda salama. Kidonda kilipopona, Trekta alilala kimya na kuamka akirukaruka, na kazi yake ikawa kunusa: sabuni, mito, viatu vya kaka yake, ambavyo aliamuru vitolewe nje mara moja. Alipofika kwa Bibi akamzamishia pua shingoni.

"Bibi, unanukia!"

"Nanukia nini?"

Trekta akafikiri sana.

"Sijui. Ngoja ninuse tena."