Uso Juu ya Uso

Nikaso alikuwa mke wa pili wa Fintia mchongaji, na kila alipokwenda sokoni alimlipa muuza jibini kwa uso wa mke wa kwanza.

Huyo wa kwanza, Kleino, aliachika zamani akaolewa ng'ambo ya mto. Lakini Fintia alishamchonga kwenye sarafu za shaba za mji akiwa bado mkewe: pua ndefu, nywele zimefungwa nyuma, ati ndiye mungu Artemi. Watu walibeba sarafu zao mdomoni, ndani ya shavu, kama kawaida ya mji. Nikaso alizifunga kwenye kitambaa. Hakutaka yule mwanamke mdomoni mwake.

Baraza lilipoamua shaba zote za zamani zirudishwe na kugongwa upya, zibebe Persefone, malkia wa kuzimu, mwenye masuke ya ngano kichwani, Nikaso alimkaba mumewe mpaka akamketisha dirishani akamchora. Fintia alipomaliza kumchonga kwenye muhuri wa chuma wa kugongea sarafu, mke alipata usingizi.

Siku ya kugonga alipeleka mkate na zeituni karakanani, kisha hakuondoka. Sopatro, mgongaji, alikuwa akitoa shaba motoni kwa koleo, analaza kila moja juu ya muhuri wa Persefone, sura ya Kleino ikitazama juu, anaweka juu yake muhuri wa chui wa upande wa pili, anashusha nyundo.

"Mbona unamwekea chui?" Nikaso akauliza.

"Ndiyo kazi, shemeji. Muhuri wa chui hauna kina, unamsaga vizuri."

"Nataka nimsage mimi. Mgeuze. Uso juu ya uso."

"Hasagiki hapo. Shavu lako ni shimo kwenye muhuri, na kinachoingia shimoni nyundo haikifikii."

"Unamtetea kwa nini? Ni dada yako?"

"Angekuwa dada yangu ningemgonga bure."

"Nyumbani kwako mna wanawake wangapi, Sopatro?"

"Mmoja. Na ananitosha mpaka napumulia mdomo."

"Basi hujui kitu. Mgeuze."

Fintia alikuwa akinoa patasi pembeni, hakuinua macho. "Mgeuzie, bwana. Nataka nikirudi nyumbani nipewe chakula."

Sopatro akageuza. Vikapu vikajaa, vikaenda sokoni.

Asubuhi moja Nikaso alimpa muuza jibini sarafu mpya, kwa madaha. Yule bibi akaiinamisha kwenye jua.

"Mwanangu, umeota jicho shavuni." Akamwita jirani. "Njoo umwone Kleino. Kajibanza humu kama panya ghalani."

"Wamekaa vizuri," jirani akasema. "Wake wenza wangu mimi hawakuwahi kukaa hivi."

Nikaso hakungoja jibini. Alifika karakanani anahema, akaweka sarafu kwenye kiganja cha mumewe.

"Niambie unamwona nani."

Jina moja tu lilihitajika, na lilikuwa la Nikaso. Fintia hakuisogeza hata kwenye mwanga. Kidole gumba kilipita masuke, kikapita pua ya Nikaso, kikatua shavuni.

"Ukope wake," akasema polepole. "Ulinitesa sana ukope huu."

Kisha akasikia alichosema. Sopatro akaanza kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

Nyundo Nikaso angeisamehe. Nyundo haina macho. Lakini kile kidole hakikutafuta. Kilikwenda moja kwa moja, kama mtu aingiaye kwake gizani.

Nikaso akachukua patasi iliyonolewa, akaiweka katikati ya sura yake kwenye muhuri, akanyoosha mkono. Sopatro akampa nyundo bila kubishana. Akapiga mpaka ufa ukatoka sikioni hadi kidevuni.

"Baraza litauliza," Fintia akasema.

"Waambie Persefone amerudi kuzimu kwa mumewe." Akamrudishia Sopatro nyundo yake, akamgeukia tena mumewe. "Na wewe wachongee chui pande zote mbili."