Bibi Harusi Kwenye Chupa ya Dawa

Kwenye duka la uchapaji fonti moja iliitwa Bibi Harusi. Aliyeibatiza ni mpangaji wa maandishi, dada aliyekuwa akichoka hata kabla ya kuwasha kompyuta. Kila herufi ilikuja na mkia wake, kitanzi chake na madaha yake. Iweke kwenye kadi ya harusi, watu watameza mate. Iweke kwenye cheti, mwenyewe atajiona amefaulu kuliko alivyofaulu. Ila ilitaka nafasi; bibi harusi na gauni lake humpangi kwenye foleni ya maji.

Mteja mmoja, mwenye duka la dawa, hakulisikia hilo. Alitaka lebo za chupa zote ziandikwe hivyo, mpaka maelezo ya kumeza. Dada akamwambia haifai, akarudia haifai. Mara ya tatu akakumbuka kesho ni mapumziko yake, ya kwanza baada ya majuma matatu. Akachapa. Mteja ni mfalme, naye mtumwa alikuwa na usingizi.

Kesho yake mchana, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto, akamwona mama yake amepanga vidonge kwenye kisosi. Saba.

"Mama, vyote hivyo vya nini?"

"Si chupa ndiyo inavyosema? Nangoja chai ipoe."

Akaichukua chupa: lebo ile ile aliyoichapa jana. Ile tarakimu ya moja ilikuwa imeinamisha shingo kwa maringo, ikawa saba kamili. Hakujua kilichopoa ni maji ya beseni au damu yake.

"Na ungemeza tu, bila kuuliza?"

"Maandishi mazuri hivyo, mwanangu? Nikajua huyo ni daktari mkubwa."

Akabakiza kidonge kimoja, akavaa viatu miguu ikiwa bado na maji, akakimbilia duka la dawa. Mwenye duka la dawa alianza ubishi, aliposikia habari ya kisosi akaanza kuhesabu chupa. Chupa nyingine tatu zilikuwa zimetoka, kwa watu anaowajua. Akafunga duka akimbilie mbili. Ya tatu ikamwangukia dada: mwalimu mstaafu, ghorofa ya nne, na ngazi hazina huruma.

"Shikamoo mwalimu," alisema akihema. "Dawa... umemeza vidonge vingapi?"

"Marahaba. Kimoja, kama nilivyoambiwa kwa mdomo."

Lebo je? Mwalimu akamwonyesha ukutani. Alikuwa ameibandua kwa mvuke wa birika, akaitia kwenye fremu kando ya picha ya marehemu mkewe.

"Ule mwandiko wa kutazama, binti yangu. Nani anausoma?"

Dada akakaa kwenye ngazi. Simu ikaita, ni mwenye duka la dawa: zile mbili zilikuwa hazijafunguliwa. Hakuwa na nguvu hata za kufurahi.

Akaenda kazini siku yake ya mapumziko, akachapa lebo upya kwa herufi zilizonyooka kama misumari. Bibi Harusi akamwachia jina la duka tu, juu, peke yake, na nafasi ya gauni.

Mwenye duka la dawa akazigeuza geuza, akasema zimepungua mvuto.

"Zinasomeka?"

"Zinasomeka."

"Basi." Akazima kompyuta. Nje jua lilikuwa limebakiza kama saa moja, naye akaenda kulitumia kwa kulala.